Farasi, Mpagazi na Mbung'o: Vita Kuu ya Kwanza Ilivyokutana na Pori la Kanda ya Kati

Anayesoma kumbukumbu za askari wa kigeni waliopigana katika ardhi yetu, wakati huo koloni la Wajerumani, kati ya Agosti 1914 na Novemba 1918 hukutana na simba kila baada ya kurasa chache. Simba ananguruma nje ya kambi, simba anamnyakua mlinzi wa zamu, kifaru anaivamia doria na kuwatawanya watu waliokuwa wamejiandaa kupambana na binadamu wenzao, twiga anakata waya wa simu kwa shingo yake na makao makuu yanakosa habari za kikosi cha mbele. Mambo hayo yalitokea kweli, na walioyaandika walikuwa na kila sababu ya kuyakumbuka. Lakini yakisomwa peke yake yanampotosha msomaji, kwa kuwa yanamfanya aamini kwamba mnyama aliyekuwa na uzito vitani ni yule mwenye meno na kucha. Katika Kanda ya Kati, kuanzia Kondoa hadi Dodoma, Mpwapwa na Kilimatinde, aliyebadili mwendo wa vita alikuwa mdudu mwenye urefu wa takribani sentimita moja, na kazi aliyoianza haikuishia siku silaha ziliposalimishwa. Ilianzia kwa farasi, ikahamia mabegani mwa mpagazi, ikaingia kwenye ghala la mtama la mkulima wa Ugogo, kisha ikarudi porini ilikotoka.

Naona mnyororo huu umekuwa ukisimuliwa vipande vipande. Waandishi wa vita wanaeleza habari za farasi, matabibu wanaeleza malaria, na wazee wa Ugogo wanaeleza njaa, kana kwamba kila kundi linazungumzia nchi tofauti na wakati tofauti. Ni kisa kimoja, na kinaeleweka vizuri zaidi kikifuatwa pingili kwa pingili.

Wanyama wakubwa hawastahili kupuuzwa. Jeshi la Uingereza lililosonga mbele mwaka 1916 lilikuja na maelfu ya farasi, punda, maksai na nyumbu wa kubebea mizigo, na msafara wa namna hiyo, wenye wanyama waliochoka na wengine kuanguka kila siku, uliwavuta simba na fisi kutoka mbali. Mizoga iliyoachwa kandokando ya njia iliwazoesha kula bila kuwinda, ikawazoesha pia harufu na sauti za binadamu. Tena askari wa mstari wa mbele mara nyingi walikatazwa kuwasha moto usiku ili adui asiwaone, na moto ndio kinga ya kwanza ambayo kila mfugaji wa huku anaijua dhidi ya simba anayezunguka zizi. Mlinzi aliyesimama gizani bila moto, karibu na farasi wenye hofu, alikuwa katika hatari ambayo mafunzo yake ya kijeshi hayakuigusa kabisa.

Kwa upande wa Wajerumani, wanyama wakubwa walikuwa chakula kuliko walivyokuwa tishio. Kamanda wao, Paul von Lettow-Vorbeck, alikatiwa njia ya baharini na manowari za Uingereza, na kadiri vita vilivyoendelea kusini, kwenye mito ya Rufiji na Ruvuma, ndivyo askari wake walivyozidi kutegemea nyama ya porini. Viboko waliuawa kwa ajili ya nyama na hasa mafuta yao, yaliyotumika kupikia baada ya mafuta mengine kuadimika. Katika vita hivyohivyo alikufa Frederick Courteney Selous, mwindaji wa Kiingereza aliyekuwa ametumia maisha yake akifukuza tembo na simba katika Afrika ya Kusini na ya Mashariki. Alijiunga na jeshi akiwa amekwisha kupita miaka 60, akauawa kwa risasi Beho Beho tarehe 4 Januari 1917 akiwa na miaka 65. Pori la akiba lililopewa jina lake mwaka 1922 liligawanywa mwaka 2019, na sehemu kubwa ya kaskazini sasa ndiyo Hifadhi ya Taifa ya Nyerere.

Kuna kisa kimoja cha Tanga ambacho lazima nikitaje, ingawa Tanga iko mbali na Dodoma, kwa sababu kinaonyesha jinsi askari mgeni alivyolisoma pori vibaya. Mwanzoni mwa Novemba 1914 jeshi lililoletwa kutoka India chini ya maofisa wa Kiingereza lilishuka kwenye pwani ya Tanga. Risasi ziliporindima mashambani, makundi ya nyuki yaliyochokozwa yaliwashukia askari na kuwatimua. Baadaye ikaenea habari huko Uingereza kwamba Wajerumani walikuwa wamewatega nyuki hao kwa kamba, ili mtu akipita mzinga ufunguke. Hakukuwa na mtego wowote. Mizinga ilikuwa imetundikwa mitini na wenyeji kwa ajili ya asali, na nyuki hao hao waliwavamia pia Wajerumani waliokuwa kwenye bunduki za rashasha, wakalazimika kuziacha kwa muda. Mfugaji nyuki yeyote wa Kondoa au Itigi anaweza kueleza kilichotokea: nyuki wa Afrika hawasubiri kuguswa, mtikisiko wa karibu unawatosha, na nyuki wa kwanza akichoma huacha harufu inayowaita wenzake kwenye mwili uleule, kwa hiyo anayepigapiga mikono na kukimbia ovyo ndiye anayeandamwa. Askari aliona njama ya adui mahali ambapo palikuwa na tabia ya mdudu tu, na kosa hilo la kuangalia upande usiohusika lilijirudia kwa gharama kubwa zaidi mwaka 1916, safari hii huku kwetu.

Farasi wafika Kondoa

Februari 1916 Jan Smuts, jenerali wa Afrika Kusini, alikabidhiwa uongozi wa majeshi ya Uingereza katika Afrika Mashariki. Alikuwa mtu wa vita vya farasi. Yeye na wenzake walikuwa wamepigana na Waingereza kwenye nyanda za Afrika Kusini miaka kumi na tano iliyotangulia, na huko farasi alikuwa kila kitu: mwendo wa kasi, shambulio la ghafla, kuzunguka ubavu wa adui na kutoweka. Mpango wake ulikuwa kumtuma Jacob van Deventer na kikosi cha wapanda farasi kutoka Arusha kuelekea kusini, aikate nchi katikati na kuitishia reli ya kati, ambayo ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914.

Van Deventer aliondoka mwanzoni mwa Aprili, masika yakiwa yamekolea. Aliiteka Lolkisale, akapita Ufiome, na tarehe 19 Aprili akaingia Kondoa Irangi. Kwenye ramani ulikuwa ushindi mkubwa. Kwenye matope ya masika ilikuwa habari nyingine, kwa sababu farasi walikuwa wameanza kufa kwa mamia njiani, na waliofika walikuwa mifupa inayotembea. Wapanda farasi wengi waliingia Kondoa kwa miguu. Magari na mikokoteni ya chakula ilikwama nyuma, mito ikafurika, na kikosi kilichotakiwa kushuka mbio hadi Dodoma kikakwama vilimani kikiwa na njaa. Lettow-Vorbeck alipata nafasi ya kuwasafirisha askari wake kwa reli hadi Dodoma, akawapandisha Kondoa, na usiku wa kuamkia tarehe 10 Mei akashambulia. Alirudishwa nyuma kwa hasara, lakini Van Deventer hakuweza kumfukuza. Alilazimika kungoja kiangazi. Dodoma ilitekwa tarehe 29 Julai 1916, miezi mitatu na zaidi baada ya Kondoa, na Kilimatinde na Mpwapwa zikafuata.

Farasi hao waliuawa na nini? Hapa ndipo masimulizi mengi yanapochanganya mambo mawili. La kwanza ni tauni ya farasi, ugonjwa wa virusi unaoenezwa na visubi, vidudu vidogo sana vinavyouma usiku na kuzaliana kwenye unyevunyevu. Huu huja na mvua, na huua haraka: farasi anapumua kwa shida, povu linamtoka puani, na anaweza kufa siku moja au mbili baada ya dalili kuonekana. Msafara wa Aprili ulipita katikati ya msimu wake. La pili ni nagana, inayoletwa na mbung'o, nayo haitegemei mvua. Hii huua taratibu. Farasi anaendelea kula na bado anakonda, homa inampanda na kushuka, macho yanatoa machozi, tumbo na miguu vinavimba, hadi siku moja anashindwa kusimama. Daktari Mwingereza David Bruce alikuwa amekwisha kuonyesha katika miaka ya 1890, huko Zululand, kwamba nagana husababishwa na kimelea kinachoishi kwenye damu na kwamba mbung'o ndiye anayekihamisha. Kwa hiyo mwaka 1916 elimu ilikuwapo, na maofisa wa mifugo waliitoa. Iliwekwa kando kwa sababu mpango wa vita haukuwa na nafasi ya kuisikiliza.

Inafaa kumtazama mbung'o mwenyewe kwa karibu, kwa kuwa wengi wa kizazi cha mijini hawamjui. Akitua, mabawa yake hulaliana moja juu ya jingine kama makali ya mkasi uliofungwa, na mrija wa kufyonzea damu huchomoza mbele ya kichwa. Nzi wa kawaida hawi hivyo. Huuma mchana, hupenya shati na hata nguo nzito, na maumivu yake ni ya ghafla. Hufuata kitu kinachotembea, ndiyo maana msafara unaopita unaandamwa kuliko mtu aliyetulia, na hupendelea rangi za kiza. Tofauti na wadudu wengi, hatagi mayai. Jike hulea buu mmoja tumboni, humzaa akiwa amekwisha kukua, na buu huyo hujifukia mara moja kwenye udongo laini chini ya kichaka au gogo. Uzazi wake ni wa polepole, na hauwezekani bila kivuli. Palipo na vichaka na wanyama wa porini, anaishi. Palipofyekwa, penye jua kali na mashamba, anatoweka. Sifa hiyo ndiyo ufunguo wa sehemu ya mwisho ya kisa hiki.

Wanyama wa porini kama pongo, tandala, ngiri na nyati hubeba vimelea vya nagana bila kuugua, kwa kuwa wameishi navyo tangu zama za kale. Farasi aliyeletwa kwa meli kutoka Cape hakuwa na kinga yoyote. Katika miezi miwili tu, kuanzia katikati ya Septemba hadi katikati ya Novemba 1916, inakadiriwa kuwa jeshi la Uingereza lilipoteza farasi 10,000, nyumbu 10,000, maksai 11,000 na punda 2,500. Smuts aliendelea kuagiza wengine, na wakaendelea kufa.

Waliolala kwenye nyufa na chini ya kucha

Askari mwenyewe, mara alipobaki bila farasi, alikutana na wadudu wake. Mbu alikuwa wa kwanza kwa madhara. Ronald Ross alikuwa ameonyesha mwaka 1897 kwamba mbu hubeba kimelea cha malaria, na kwinini, dawa yake, ilijulikana, lakini chandarua kilibaki nyuma na mizigo, na vidonge vilichelewa pamoja na chakula. Wajerumani waliokuwa wamezuiwa baharini walitengeneza kwinini yao kwa kuchemsha magome ya msinkona, wakisaidiwa na utaalamu wa taasisi ya utafiti ya Amani, Usambara, iliyoanzishwa mwaka 1902. Maji hayo yalikuwa machungu mno kiasi kwamba askari waliyapachika jina la kamanda wao.

Wa pili ni papasi, na huyu ni mkazi wa nyumba zetu za zamani. Tembe la Kigogo, lenye paa la udongo na kuta za fito zilizokandikwa, lilikuwa nyumba ya busara kwa nchi ya upepo na jua kali, lakini nyufa za sakafu na kuta zake zilimfaa kupe huyu, ambaye hutoka usiku, hunywa damu kwa dakika chache na kurudi mafichoni kabla aliyelala hajashtuka. Askari aliyechoka na kulowa, akiona tembe lililoachwa na wenyewe waliokimbia vita, aliingia kulala akidhani amepata bahati. Baada ya siku chache homa kali ilimshika, ikamwachia, ikarudi, ikamwachia tena. Robert Koch alikuwa amechunguza homa hiyo ya papasi katika koloni hili hili mwaka 1905, na maofisa waliojua waliwakataza watu wao kulala katika nyumba tupu au kwenye kambi za zamani. Amri ya namna hiyo ni rahisi kuiandika na ngumu kuitii usiku wa mvua.

Tekenya ndiye aliyewatesa wengi kwa namna ya aibu. Si mwenyeji wa Afrika. Aliletwa kutoka Amerika ya Kusini, akashuka pwani ya Angola katika miaka ya 1870, akafuata njia za misafara na kulivuka bara zima, na kufikia mwishoni mwa karne hiyo alikuwa amefika pwani yetu. Jike huingia chini ya ngozi, mara nyingi pembeni mwa ukucha wa dole gumba, na hapo tumbo lake lenye mayai huvimba hadi kufikia ukubwa wa punje ya mtama au zaidi. Kinachoonekana nje ni uvimbe mweupe wenye kitone cheusi katikati. Aliyefundishwa na bibi yake huchukua mwiba au pini iliyopitishwa motoni, hupanua ngozi polepole kuuzunguka uvimbe, kisha huutoa wote ukiwa mzima bila kuupasua, na kulipaka tundu linalobaki jivu au dawa. Akiupasua, kidonda huoza. Askari aliyevaa viatu vilivyotoboka, asiyejua kinachomuwasha, alijikuna hadi kidonda kikaingia uchafu, na wapo waliokatwa vidole. Jeshi linalotembea kwa miguu likipoteza vidole vya miguu limepoteza kila kitu, na madaktari wa vikosi walikuja kutambua kwamba mikono mizuri kuliko yote kwa kazi hii ilikuwa ya askari na wapagazi wenyeji.

Hesabu za vikosi zinaeleza matokeo. Kikosi cha 9 cha askari wa miguu wa Afrika Kusini kilianza na watu 1,135 mwezi Februari 1916, na kufikia Oktoba waliokuwa na afya ya kupigana walikuwa 116, ilhali kikosi hicho kilikuwa hakijapigana vita vyovyote vya maana. Kwa mwaka huo, kwa kila askari mmoja wa upande wa Uingereza aliyetolewa vitani na silaha za adui, zaidi ya 30 walitolewa na maradhi. Kuanzia mwishoni mwa 1916 zaidi ya askari weupe 12,000 wa Afrika Kusini walirudishwa kwao, na vita vikaachwa mikononi mwa Waafrika: Keya (King's African Rifles), pamoja na vikosi vya Nigeria na Gold Coast (Ghana ya leo).

Baadhi ya waandishi wamelieleza badiliko hilo kana kwamba Mwafrika alizaliwa na ngozi ya chuma. Haikuwa hivyo. Kinga ya malaria hununuliwa utotoni kwa kuugua mara kwa mara, na wengi hufa kabla hawajaipata. Tena haimlindi mtu popote aendapo kwa kiwango kilekile. Mtu wa nyanda za juu zenye baridi aliyepelekwa bonde la Rufiji aliugua karibu kama mgeni. Alichokuwa nacho askari mwenyeji, mbali na kinga hiyo ya nusu, ni maarifa: wapi pa kulala, maji yapi ya kuacha, namna ya kumtoa tekenya, mti upi una mzinga. Maarifa hayo hayakuandikwa kwenye vitabu vya mafunzo vya jeshi lolote kati ya hayo mawili.

Mzigo uliohamia mabegani

Mnyama wa mizigo akifa, mzigo unabaki. Hapa ndipo mbung'o alipovuka kutoka kwa farasi na kumfikia mtu ambaye pengine hakumwuma kamwe. Kwa kuwa magari yalikwama matopeni na wanyama hawakuishi, majeshi yote mawili yaliwageukia binadamu. Wajerumani walikuwa wakitegemea wapagazi tangu mwanzo. Waingereza waliwaongeza kwa kasi baada ya farasi kuisha, kwanza kwa mshahara, kisha kwa kuwakamata.

Mpagazi ana hesabu yake, na ni hesabu ya kikatili. Mzigo wa kawaida ulikuwa takribani kilo 25. Akila kilo moja ya nafaka kwa siku, na safari ikiwa ya siku 10 kwenda na 10 kurudi, kilo 20 za mzigo ni chakula chake mwenyewe, na kinachomfikia askari ni kilo 5. Njia ikirefuka, mpagazi anakula mzigo wote kabla hajafika. Njia za kukwepa hesabu hiyo ni mbili tu: kuongeza wapagazi mara nyingi zaidi na kuwapanga kwa vituo, au kuwapunguzia chakula. Yote mawili yalifanyika. Mara nyingi walipewa nafaka wasiyoizoea, isiyosagwa, bila muda wala sufuria za kuipikia, na kuhara damu kukawaua kuliko risasi. Kwa upande wa Uingereza pekee, wapagazi waliokufa wanakadiriwa kuwa takribani 95,000 au zaidi. Wengi hawana kaburi linalojulikana, na sioni sababu ya kuisimulia vita hii kwa visa vya simba huku watu hao wakitajwa katika mstari mmoja wa mwisho.

Ugogo ulikuwa katikati ya yote haya, kwa kuwa reli na barabara ya Kondoa zilikutana Dodoma. Wajerumani walichukua ng'ombe na nafaka walipokuwa wakijiandaa na walipokuwa wakirudi nyuma. Waingereza walichukua walichobakiza, wakachukua na wanaume. Katika nchi ambayo mvua ni ya msimu mmoja mfupi na haina uhakika, shamba la uwele au mtama lisipolimwa na kupandwa kwa wakati ndani ya wiki chache, mwaka wote umepotea. Na ng'ombe ndiyo akiba: mvua ikikosekana, mfugaji hubadilisha ng'ombe kwa nafaka ya jirani. Vita viliondoa mlimaji na akiba kwa mkupuo mmoja. Mvua zilipokuja kukosekana, ikaingia njaa ya miaka ya 1917 hadi 1920 ambayo Wagogo waliipa jina la Mtunya, na homa kuu ya mafua ya 1918 ikawakuta watu waliokwisha kudhoofika. Utawala wa Uingereza ulikadiria kwamba kati ya wakazi 150,000 wa Ugogo, 30,000 walikufa. Wengine walihama, na wapo waliowaweka watoto wao kwa jamaa au majirani wenye chakula ili wapone.

Pori linarudi

Turudi sasa kwa mbung'o na kivuli chake. Kichaka cha Kanda ya Kati kinazuiwa na vitu vinne: jembe, mbuzi wanaokula machipukizi, ng'ombe wanaokanyaga na kulisha, na moto unaowashwa na watu kwa wakati wanaoujua. Viondoe vyote, na ndani ya miaka michache shamba linakuwa vichaka vya miiba, swala na ngiri wanarejea, na mbung'o anawafuata. Kijiji kilichoachwa wakati wa Mtunya kilikuwa makao mapya ya mdudu aliyewaua farasi wa Van Deventer. Mfugaji aliyerudi na ng'ombe wachache aliowaokoa aliyakuta malisho yake ya zamani yanaua.

Haitakuwa haki kuilaumu vita peke yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka ilikuwa imefagia ng'ombe wengi mno wa Afrika Mashariki, na pamoja nao nyati na wanyama wengine wenye kwato. Mwanzoni hilo lilimrudisha mbung'o nyuma, kwa kuwa alikosa damu. Lakini wanyama wa porini walizaliana upya haraka kuliko watu na mifugo yao, na pori likaanza kusogea. John Ford, aliyefanya kazi ya mbung'o barani Afrika kwa miaka mingi, alisisitiza kwamba watu wa kale hawakuwa wamemtokomeza mdudu huyu. Walikuwa wamejenga mipaka naye kwa kilimo, ufugaji na uhamaji wenye mpangilio, na ukoloni uliivunja mipaka hiyo. Hoja hiyo inanishawishi, hasa kwa Kanda ya Kati, kwa sababu vita vya 1914 hadi 1918 vilikuja wakati hasa ambapo watu walikuwa wakianza kuinuka kutoka kwenye pigo la sotoka.

Utawala mpya ulilazimika kupambana na matokeo. Mwaka 1922 malale, ugonjwa wa binadamu unaoletwa na mbung'o huyohuyo, ulilipuka Maswa. Charles Swynnerton, aliyekuwa mkuu wa kwanza wa idara ya wanyamapori ya Tanganyika, aligeukia utafiti wa mbung'o na kufanya majaribio makubwa Shinyanga: kufyeka vichaka kwa nguvu za maelfu ya watu, kuzuia moto wa mapema ili uje mkali mwishoni mwa kiangazi, na kuwarudisha watu na mifugo katika maeneo yaliyosafishwa. Kwa maneno mengine, alijaribu kujenga upya kwa amri kile ambacho wakulima walikuwa wakikifanya bila amri. Alikufa kwa ajali ya ndege mwaka 1938, na aina moja ya mbung'o wa kaskazini mwa Tanzania ina jina lake hadi leo. Kwingineko serikali ilichagua njia ya kinyume, ikawahamisha watu kutoka maeneo ya malale na kuwakusanya katika makazi maalumu, na baadhi ya ardhi zilizoachwa ziliishia kuwa mapori ya akiba. Eneo la Selous lilipanuliwa kwa namna hiyo katika miaka ya 1940. Pori ambalo mgeni wa leo hulitazama akidhani halijawahi kuguswa na jembe lina, mahali pengi, mawe ya kusagia na vigae vya vyungu.

Vita vya mbung'o vyenyewe vimeendelea kwa zana nyingine. Unguja ilifanikiwa kumtokomeza kabisa kufikia mwaka 1997, kwa kuwaachia angani madume waliohasiwa kwa mionzi ili majike wasizae. Njia hiyo inawezekana kisiwani, ambako mbung'o wapya hawawezi kuingia kutoka jirani, lakini Tanzania Bara haijawezekana. Katika hifadhi na mapori ya Kanda ya Kati na kusini yake, kuanzia Muhesi na Kizigo upande wa Manyoni hadi Ruaha, kinachotumika zaidi ni vitambaa vya buluu na vyeusi vilivyopakwa dawa na kutundikwa kwenye fito kando ya barabara. Buluu humvuta mbung'o kutoka mbali, weusi humfanya atue, na dawa humuua. Gari linalotembea humvuta zaidi ya kitambaa kilichotulia, kwa hiyo askari wa wanyamapori wanaoshika doria humo bado wanaumwa kila siku, mchana kweupe, kupitia mashati yao.